Kuandika pamoja mtandaoni darasani: maswali ya walimu wa Dodoma na majibu yake

Ukurasa huu ni wa walimu wa msingi na sekondari wa Dodoma Jiji, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na wenzetu wa Singida wanaofundisha katika mazingira yaleyale. Maswali yameachwa jinsi yanavyoulizwa kwenye vikao vya jumuiya za ujifunzaji. Majibu mengine ni marefu na mengine ni mistari miwili, kwa kuwa si kila swali lina mengi ndani yake.

Tovuti za kuandika pamoja ni zipi hasa?

Ni zile ambazo msomaji anaweza pia kuwa mwandishi. Mama yao ni wiki, yaani tovuti ambayo kurasa zake zinahaririwa na wasomaji wenyewe (si wiki ya siku saba). Ya kwanza iliwekwa hewani mwaka 1995 na Mmarekani Ward Cunningham, na wazo hilo ndilo lililozaa Wikipedia mwaka 2001. Wikipedia ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Baadaye zikaja hati za pamoja kama Google Docs, kuta za kubandika maandishi na picha kama Padlet, ramani ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, na majukwaa ya darasa kama Moodle na Google Classroom.

Kundi la WhatsApp la darasa silihesabu. Linafaa kutangazia kikao cha wazazi, ila kazi iliyoandikwa humo Jumatatu, kufika Ijumaa imeshazama chini ya pole na hongera.

Kazi za vikundi tunafanya siku zote. Bangokitita na kalamu rashasha havitoshi?

Kwa kipindi kimoja vinatosha kabisa, na usiviache. Tatizo la bangokitita unalijua mwenyewe: katika kikundi cha wanane, mwenye mwandiko mzuri anaandika, mwenye mdomo anawasilisha, sita waliobaki wanahesabu mbuzi wanaopita dirishani. Mwisho wa kipindi wote wanapata alama moja.

Ukurasa wa pamoja una kumbukumbu. Unaonyesha nani aliongeza sentensi ipi, saa ngapi, na nani aliifuta. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: kusahihisha hakuchafui kazi. Kwenye bango mtoto akikata mstari kila mtu anaona, kwa hiyo anaacha kosa libaki. Kwenye skrini anarudia sentensi mara tano bila aibu, na kuandika ni huko kurudia.

Nianze na mada gani?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kabla hata kompyuta haijawashwa. Ukiwaambia watoto "andikeni kuhusu usanisinuru", utapata kurasa kumi zilizonakiliwa kutoka tovuti ileile moja, tena na makosa yake. Si uvivu wao. Katika mada hiyo hakuna mwanafunzi mwenye kitu ambacho mwenzake hana, kwa hiyo hakuna sababu ya kuandika pamoja. Chagua mada ambayo kila mtoto anakuja na chake kutoka nyumbani, na ambayo ukiitafuta mtandaoni kwa Kiswahili unapata aya mbili au hupati kabisa. Katika mikoa yetu mada za namna hiyo zimejaa.

Chukua Kongwa. Vitabu vya historia vinagusia mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951: walileta matrekta, wakabadilisha hata vifaru vya vita viwe mashine za kung'oa vichaka, na bado mvua haba na udongo wa mfinyanzi unaokauka kama sementi vikawashinda. Vitabu havisemi shamba la babu wa mwanafunzi wako liko upande gani wa eneo lile, wala wazee wanapaitaje mahali pale leo. Kongwa hiyohiyo, kuanzia 1964, ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia. Kuna familia zinazokumbuka majirani hao. Kikundi kimoja kikiandika ukurasa wa mpango wa karanga, kingine wa kambi, kingine wa reli na kituo chake, kurasa zinaanza kuhitajiana. Huyu anaweka kiungo kwenda kwa yule, yule anagundua kwamba mwaka alioandika haupatani na wa mwenzake, na hapo mjadala wa kweli unaanza bila wewe kuulazimisha.

Mwalimu wa Kilimo au Biolojia ana zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na watoto wa Hombolo na Makutupora wanajua kupogolea, kumwagilia na bei za madalali kuliko mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka mkoa mwingine. Mwalimu wa Jiografia aweke kopo la kupimia mvua uwanjani na jedwali la pamoja ambalo zamu ya siku inajaza milimita kila asubuhi; shule mbili au tatu za kata moja zikishiriki jedwali hilohilo, watoto wataona kwa macho yao jinsi mvua ya Dodoma inavyonyesha kwa jirani na kukuruka wewe. Kwa walio Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo iko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na iko umbali ambao baadhi ya wanafunzi wanautembea kwa miguu.

Hisabati ni ngumu zaidi, sitakudanganya. Huko hati ya pamoja inafaa kwa jambo moja tu: vikundi vinaandika njia tofauti za kufikia jibu moja, kisha vinakosoana.

Shule yetu haina intaneti. Tuache?

La. Kuandika pamoja kunahitaji mtandao, lakini mtandao huo unaweza kuishia kwenye kuta za darasa lenu. Kompyuta mpakato moja na ruta ndogo ya Wi-Fi, hata isiyo na laini ya simu ndani, vinatosha kuunganisha vifaa vya chumba kizima.

Kwa kuandika, mimi hupendekeza DokuWiki. Ni programu huria ya kutengenezea wiki, haidai hifadhidata, kurasa zake ni mafaili ya maandishi ya kawaida, na ipo hata ya kuwekwa kwenye flashi na kufunguliwa kwenye Windows bila kusanikishwa. Ili vifaa vingine viione kupitia ruta kuna mpangilio kidogo wa kufanya kwanza. Mpe kazi hiyo mwalimu wa TEHAMA siku moja kabla, si asubuhi ya kipindi. Ujue pia tabia yake: mtu mmoja akiwa anahariri ukurasa, programu inaufunga kwa wengine mpaka amalize au muda upite. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na ukurasa wake. Mkitaka wote waandike kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, Etherpad ndiyo inayofaa, nayo pia inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya shule.

Kwa kusoma, kuna Kiwix. Inakuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili kama faili moja, ikakaa kwenye memori kadi. Ya Kiingereza yenye picha zote inazidi GB 100, kwa hiyo chukua toleo lisilo na picha au la makala zilizochaguliwa. Pakua ukiwa mjini mahali penye intaneti ya uhakika, usiku watu wakiwa wamelala. Programu yake ya simu za Android ina sehemu ya kugawa faili hilo kwa Wi-Fi, hivyo simu yako moja inakuwa maktaba ya vishikwambi vyote vilivyo chumbani, bila kugusa bando. Kolibri nayo ni nzuri, ingawa yenyewe ni ya masomo na mazoezi zaidi kuliko ya kuandika.

Na kama hata kompyuta mpakato hakuna, tumieni daftari kubwa la kaunta. Ukurasa mmoja kwa kila mada, mwandishi wa kwanza kwa wino wa bluu, mrekebishaji kwa rangi nyingine, kila mmoja anaweka jina na tarehe pembeni. Hakuna kurarua karatasi wala kufuta kwa kifutio. Nimeliona daftari la namna hii likifundisha nidhamu ya wiki vizuri kuliko maabara yenye mashine ishirini. Siku vifaa vikifika, watoto wanachapa kazi ambayo tayari wanajua kuifanya.

Umeme ukikatika?

Kompyuta mpakato ina betri. Ruta ndogo inaweza kuendeshwa na pawabenki au sola ndogo, na jua hatujawahi kukosa. Wa kuogopwa zaidi huku kwetu ni vumbi la Agosti na Septemba. Funika vifaa kwa kitenge kila kipindi kinapokwisha.

Tuna kompyuta nne na wanafunzi themanini. Inawezekanaje?

Inawezekana ukikubali kwamba kazi kubwa inafanyika nje ya kompyuta. Tuseme una vikundi kumi vya watu wanane, na vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Kila kikundi kinapeleka watu watatu mashineni kwa dakika 20: mmoja anachapa, mmoja anasoma rasimu kwa sauti, wa tatu anaangalia kinachotokea kwenye skrini na kukilinganisha na karatasi. Watano waliobaki wanaendelea na rasimu ya sehemu inayofuata au wanasoma ya kikundi kingine na kuandika maswali matatu juu yake. Zamu ya kwanza vikundi vinne, ya pili vinne, ya tatu viwili, na dakika 20 za mwisho zinabaki kwa projekta: mnafungua kurasa mbili au tatu na darasa zima linasoma.

Wiki inayofuata watatu wale wanabadilishwa. Usiliache hili kwa hiari yao. Ukiliacha, utakuta kibodi imeshikwa na wavulana walewale ambao nyumbani kuna kompyuta, na wasichana wamegeuzwa wasomaji wa rasimu mwaka mzima. Andika zamu ubaoni kwa majina.

Mashine mbili zisizotumika katika zamu ya tatu? Weka Kiwix humo, watu wakachunguze mambo.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Tufanyeje?

Fuateni katazo hilo. Usianzishe mpango unaomtegemea mwanafunzi kuficha simu kwenye soksi. Shule nyingi zina vishikwambi vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Viwili au vitatu, kwa idhini ya wenyewe na ya mkuu wa shule, vinasukuma kipindi. Simu ya mzazi nyumbani iwe ya ziada kwa anayeweza, isiwe sharti la kupata alama.

Nichague zana ipi kati ya hizi zote?

Moja. Anza na moja, itumie muhula mzima.

Kama intaneti ipo na wanafunzi hawana akaunti, Google Docs inakubali mtu aandike kwa kiungo tu, bila kujisajili, na watu hadi 100 wanaweza kuhariri hati moja kwa pamoja. Kasoro yake: asiyeingia na akaunti anaonekana kama mtu asiye na jina, kwa hiyo kumbukumbu ya nani kaandika nini inapotea. Tiba rahisi ni kumtaka kila mtoto aanze aya yake kwa herufi za jina lake. Etherpad inampa kila mwandishi rangi, naye anajaza jina lake mwenyewe bila akaunti. Ina kitelezi cha kurudisha muda nyuma ambacho watoto wanakipenda mno, wanaona insha yao ikijijenga neno kwa neno.

Padlet ni tamu kwa macho na inafundishika kwa dakika tano. Naitumia kukusanya: picha za udongo, majina ya mboga kama mlenda, maswali kabla ya mada. Kwa kuandika jambo refu haifai, kila mtu anabandika chake na kuondoka, na toleo la bure lina kikomo cha kuta. Moodle ni jukwaa zima lenye wiki, mijadala na majaribio ndani yake. Vyuo vingi vinaitumia, lakini kwa shule yenye mwalimu mmoja wa TEHAMA naiona ni mzigo.

OpenStreetMap iwe ya mwaka wa pili, baada ya darasa kuzoea. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayofurika. Vijiji vya Chemba na Bahi bado vina visima, zahanati na njia ambazo haziko kwenye ramani hiyo, na mtoto anayechota maji kisimani anakijua kilipo.

Watoto wanaweza kufungua akaunti? Sheria inasemaje?

Google na WhatsApp huweka umri wa chini kuwa miaka 13. Kwa shule ya msingi hilo linafunga mjadala: tumia akaunti ya darasa inayoshikwa na mwalimu, au zana isiyodai akaunti.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa mwalimu hii ina maana ya vitendo: pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi kabla ya kuweka chochote hadharani, usiweke jina kamili la mtoto pamoja na shule na picha yake, na usikusanye namba za simu za wazazi kwenye jedwali ambalo kila mwenye kiungo anaweza kulifungua. Hilo la mwisho linatokea kila wiki, na wanaolifanya ni sisi watu wazima.

Ridhaa ya mzazi isiwe fomu ya kurasa tatu. Aya moja ya Kiswahili cha kawaida inayosema mtoto ataandika nini, nani atasoma, na mzazi akibadili nia amwone nani.

Je, Wikipedia ni ya kuaminika? Walimu wengine wameipiga marufuku.

Ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Mfundishe mwanafunzi kushuka hadi marejeo chini ya makala, na kufungua historia ya makala aone nani amebadilisha nini. Mtoto akishajua kusoma historia ya makala moja, hawezi tena kuamini kila kilichochapwa, hata kitabuni.

Ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000. Nyingi za kata na vijiji vyetu ni fupi mno: jina la kata, wilaya, na idadi ya watu kutoka sensa, basi. Walimu wakiona hivyo hukimbilia kusema "tuwaambie watoto wajaze". Subiri kidogo. Wikipedia haipokei utafiti wa mtu mwenyewe. Inataka jambo liwe limechapishwa mahali fulani kwanza. Masimulizi ya bibi kuhusu njaa ya zamani ni hazina, lakini nyumbani kwake ni wiki ya darasa lenu, ambako mnaandika jina la msimuliaji akikubali, tarehe, na nani aliyemhoji. Kinachokwenda Wikipedia ni kile chenye kitabu, gazeti au ripoti nyuma yake. Wakabidhi, wale wahariri wa kujitolea wanaosimamia, hufuta maandishi yaliyonakiliwa na tafsiri za mashine zisizosomeka, na wana haki.

Mkiamua kuandika humo, jueni mambo mawili ya kiufundi. Akaunti mpya sita tu zinaweza kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, kwa hiyo darasa zima likikaa kwenye ruta moja wa saba atakataliwa. Fungueni kwa siku kadhaa. Pili, laini zetu za simu hugawana anwani kati ya watu wengi, na wakati mwingine mtu usiyemjua ameshafanya fujo na anwani ikazuiwa. Mtoto akiona ujumbe wa kuzuiwa, hajafanya kosa.

Na mnachokiweka Wikipedia kinatolewa kwa leseni ya Creative Commons: yeyote anaweza kukitumia tena, hata kibiashara, mradi ataje chanzo na aache kiendelee kuwa huru. Mwambie mtoto hilo kabla hajabofya, si baada.

Wanafunzi wataharibu kazi za wenzao au kutukanana?

Siku saba za kwanza, ndiyo. Mtu atafuta ukurasa wa jirani, mwingine ataandika "Fulani anampenda Fulani". Rudisha toleo la awali mbele ya darasa, bila ukali, ili wote waone kwamba kufuta hakufuti. Uchokozi unapungua sana ukishakosa faida.

Ugomvi ulio wa maana ni ule wa mtu aliyebadilisha sentensi ya mwenzake kwa nia njema. Hapo weka sharti moja: huruhusiwi kufuta sentensi ya mtu bila kuandika sababu kwenye ukurasa wa majadiliano. Kuna watoto watakaochagua kuacha sentensi mbovu kuliko kuandika sababu. Na hao wanahitaji kipindi chao.

Matusi ya kweli, vitisho, picha za aibu: hayo yanashughulikiwa kwa taratibu za nidhamu za shule kama yangetokea uwanjani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo pia, na wa kidato cha tatu na nne waijue.

Siku hizi wananakili kutoka ChatGPT. Kuna haja gani ya kuandika pamoja?

Muulize ChatGPT jina la mzee aliyechimba kisima cha kitongoji chenu. Ndiyo maana nilikazania mada. Programu hizo zinaandika vizuri juu ya lililoandikwa sana, na juu ya kitongoji cha Mpwapwa zitabuni kwa ujasiri. Kipindi kimoja kizuri ni kuiagiza ieleze jambo ambalo darasa linalijua kuliko yenyewe, kisha watoto wasahihishe kwa wino mwekundu. Wanafurahi kupita kiasi kumsahihisha mwenye majivuno.

Kuhusu kugundua nani amenakili, fungua kumbukumbu ya ukurasa. Aya nne zilizoingia kwa sekunde moja hazikuchapwa na mtoto wa kidato cha pili anayetafuta herufi kwa kidole kimoja.

Nitatoaje alama?

Gawa: sehemu kwa ukurasa wa kikundi, sehemu kwa mchango wa mtu binafsi unaoonekana kwenye kumbukumbu, na sehemu kwa alichokifanya kwenye kazi ya kikundi kingine. Hii ya tatu walimu wengi huiruka, nayo ndiyo inayowafanya wasome kazi za wenzao.

Usihesabu maneno. Ukihesabu maneno utapewa maneno. Sentensi moja iliyoondoa mwaka usio sahihi ina thamani kuliko aya tatu za utangulizi.

Waandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Msingi, Kiswahili. Sekondari mitihani ni ya Kiingereza na siwezi kujifanya haipo, lakini mzee wa Chamwino hatahojiwa kwa Kiingereza. Mpangilio unaofanya kazi: mahojiano kwa Kiswahili au Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, kadiri ya nyumbani, rasimu na mabishano kwa Kiswahili, ukurasa wa mwisho kwa Kiingereza, na toleo la Kiswahili libaki pembeni yake kwa wazazi. Kugeuza kutoka lugha moja hadi nyingine ni zoezi zuri la Kiingereza kuliko mengi yaliyo kwenye vitabu vya kiada. Majina ya mimea, mvua na vyombo yaachwe kwa lugha yake, na maelezo yafuate.

Mkuu wa shule na mdhibiti ubora wataelewa?

Wataelewa kazi hii ikiwa kwenye andalio la somo. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unadai umahiri, ushirikiano na matumizi ya TEHAMA. Andika umahiri unaoujenga, kisha zana iwe kwenye safu ya vifaa, isiwe kichwa cha somo. Mkaguzi akikuta somo linaitwa "Kutumia Padlet", ana haki ya kuuliza mada iko wapi.

Njia rahisi ya kuwapata walimu wenzako ni kuanza na nyinyi wenyewe. Chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kila shule ina jumuiya ya ujifunzaji. Andikeni maandalio ya mada ngumu kwenye hati moja ya pamoja, mwalimu wa shule jirani aongeze, na vitabu mvitoe kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu aliyewahi kufutiwa sentensi yake na mwenzake anawaelewa watoto haraka. Wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na vyuo vingine wanapokuja mazoezi ya kufundisha, wapeni kazi ya kusimamisha DokuWiki. Wengi wanaijua kompyuta kuliko wanavyolijua darasa, mtabadilishana.

Bando litakwisha haraka?

Maandishi hayali bando. Picha na video ndizo zinazokula. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kupandisha, zima masasisho ya Windows, na hakikisha hotspoti yako ina neno la siri ambalo kidato cha nne hawalijui.

Darasa la tatu wanaweza?

Wanaweza kusema, wewe ukachapa kwenye projekta. Wao wanasahihisha kwa kelele. Inatosha.

Mwaka ukiisha, kazi inakwenda wapi? Na mwalimu akihamishwa?

Chapisha nakala moja ya karatasi, ifungwe kwa uzi na iwekwe maktaba. Usidharau karatasi, itasomwa na wengi kuliko kiungo. Nakili mafaili yote kwenye flashi mbili, moja ofisini kwa mkuu wa shule, nyingine kwa mwalimu wa taaluma. Kwa DokuWiki ni kunakili kabrasha moja tu. Futa akaunti za watoto wanaomaliza, au wape wenyewe wazimiliki kama wamefikisha umri. Kurasa ziachwe wazi kwa kidato kinachofuata ili waendeleze palipoachwa badala ya kuanza upya.

Uhamisho unakuja bila hodi, mara nyingi katikati ya muhula. Neno la siri la msimamizi, anwani ya ruta na jina la aliyesajili akaunti ya shule viandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, itajwe kwenye daftari la makabidhiano pamoja na funguo za maabara. Na akaunti ya shule isajiliwe kwa barua pepe ya shule, si ya mwalimu. Namba ya simu ya kurejeshea neno la siri nayo iwe ya laini ya ofisi, kwa maana mwalimu akiwa ameshahamia Kigoma, ule ujumbe wa tarakimu sita utakuwa unamfikia yeye.